Kadi ya Pampu ya Kushoto

Pale Woodley, upande unaoelekea soko la Toi, kuna benchi lisilo na mwenyewe. Ni ubao wa mjengo uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya zamani ya kanjo, halmashauri ya jiji, na kila siku saa nne asubuhi Taib hufika hapo na dele lake la kahawa chungu, vikombe vikigongana kwenye ndoo. Wenyeji wa kudumu ni watatu. Kuna Gichuru, mwenye vyumba vya kupangisha huko Mutuini, ambaye wote humwita Landi, na ambaye hutumia methali namna mtoto anavyotumia nyundo: anapiga popote. Kuna Jeremy, fundi wa simu, jina lake la kijiweni Gugo, kwa kuwa hakuna jambo asilolijua na hakuna habari aliyoisoma hadi mwisho. Na kuna Sajini, mzee mrefu mwenye maneno machache, aliyetengeneza ndege za kivita jeshini kwa miaka ishirini na miwili. Kwenye kitambulisho ameandikwa Dedan Waithaka, lakini hapo benchini jina hilo halina kazi. Siku tunayoisimulia ilikuwa wiki moja kabla ya Sikukuu ya Mashujaa, mawingu yameshuka, na ndege za jeshi zilikuwa zikifanya mazoezi ya kupita juu ya jiji.

Zilipita tatu, chini chini, na kishindo kikaja nyuma yake. Mbwa wa Woodley wakabweka wote pamoja. Landi alimwaga nusu kikombe kwenye suruali, akalaumu serikali.

— Hizo ni mpya, akasema Gugo. — Nimeziona kwa simu. Ziko na rimoti, buda. Rubani anakaa hapo ndani kama pambo tu.

— Mpya wapi, akasema Sajini. — Hizo ni F-5. Ile ya katikati inaweza kuwa imekuzidi miaka kumi.

Hapo ndipo walipomkamata. Mtu akitaka kumfanya Sajini azungumze hana budi kusema uongo kuhusu ndege, na Gugo alikuwa na uongo wa kutosha. Taib akajaza vikombe, na mzee akaanza kueleza, mikono yake ikichora hewani, maana mikono ile ilikuwa haijasahau hata nati moja.

Aliwaambia kwamba ndege hiyo ilibuniwa Marekani miaka ya hamsini, wakati ambapo kila ndege mpya ya vita ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia na ghali kuliko iliyotangulia. Wahandisi wa kiwanda kimoja wakaamua kurudi nyuma, watengeneze ndogo, nyepesi, rahisi kutunza. Shida ilikuwa enjini. Enjini ndogo yenye nguvu iliyokuwepo ilikuwa imeundwa kwa kazi nyingine kabisa: kusukuma kombora la chambo, kitu cha kuangushwa kutoka kwenye ndege kubwa ili rada ya adui idanganyike. Chambo hicho kiliruka mara moja tu, halafu kikaanguka kikaisha.

— Kwa hivyo hiyo enjini ilizaliwa ili ife, akasema Taib.

— Ilizaliwa iende safari moja. Wakaichukua, wakaitengeneza upya, wakafunga mbili pamoja. Na mpaka leo zinapiga kelele juu ya kichwa chako.

Hata hivyo wenyewe Wamarekani hawakuitaka sana, akaendelea. Walimchukua kwanza ndugu yake wa kufundishia wanafunzi, na hiyo ya vita wakaipanga kwa ajili ya marafiki, zile nchi zisizo na mifuko mirefu. Wakaijaribu Vietnam, ikaonekana inafaa. Miaka ya sabini ikatoka nyingine yenye enjini kubwa zaidi, ndiyo hiyo yetu, na jinsi ilivyokuwa ndogo na nyepesi, wakawa wanaitumia mazoezini kuigiza MiG za Warusi. Kenya ikapata zake mwishoni mwa miaka hiyo, wakati jirani yetu mmoja alikuwa na MiG za kweli na mdomo mrefu.

— Ndiyo wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone, akasema Landi, akiwa ameridhika.

Hakuna aliyemuuliza mgeni ni nani na mwenyeji anaugua nini. Kwa Landi ni afadhali kuacha.

Gugo alitaka kujua ni kwa nini basi zisinunuliwe nyingine. Sajini akamwambia kiwanda kiliacha kuziunda zamani, mwishoni mwa miaka ya themanini, na tangu hapo kila nchi iliyo nazo ikawa inatafuta spea kama mtu anayetafuta gamba la redio ya babu yake kwenye vibanda vya River Road. Baadaye zililetwa nyingine kuukuu kutoka ng'ambo, zikapigana hata Somalia. Lakini katikati pale, miaka ya tisini, palikuwa pagumu. Mafundi walikuwa wakichagua ndege moja au mbili zisizoruka, wakazivua vifaa ili nyingine ziruke. Hizo za kuvuliwa waliziita mbuzi.

— Unachinja mbuzi leo, kesho unamla mguu, kesho kutwa ini, akasema Sajini. — Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Alipolisema hilo alijuta. Alikuwa amepafikia mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, pale pahali ambapo kila mara hupita mbali napo.

Wakati huo alifika mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amevaa koti la kijivu na viatu vyenye matope mekundu ya Mutuini au huko karibu. Akawasalimu, akaomba kahawa, akaketi mwisho wa ubao. Taib alimpa kikombe na kipande cha kashata, akamwita binti yangu. Wapita njia huja na kuondoka hapo kila siku, kwa hiyo mazungumzo hayakukatika. Sajini ndiye aliyemtazama mara mbili. Palikuwa na kitu kwenye lile paji la uso, pana, lenye mstari mmoja katikati, alichowahi kukiona mahali fulani.

Gugo tayari alikuwa ameshatoa simu.

— Lakini si kuna yenye ilianguka? Hapa wameandika. Mazoezi ya sherehe, miaka ya tisini mwanzo mwanzo. Iliruka, haikumaliza hata dakika mbili. Kapteni Wainaina. Sajini, wewe si ulikuwa huko?

— Nilikuwa.

— Ilikuwa aje?

— Ilianguka, akasema Sajini, akanyoosha kikombe kiongezwe ingawa hakikuwa kimekwisha.

Kimya cha mzee kwa watu wa kijiweni ni shamba lisilo na ua. Wakaingia wote. Gugo ndiye aliyetangulia: Wamarekani, akasema, kila ndege wanayouza huwa wameificha swichi ndani, na nchi ikipiga kura vibaya kule Umoja wa Mataifa, kuna mse mahali fulani anabonyeza. Alikuwa ameisoma. Hakukumbuka wapi. Taib hakukubaliana naye. Yeye alisema kwao Lamu watu wazima wanajua kwamba kuna njia za angani zenye wenyewe, na asiyebisha hodi akapita kwa kelele namna ile asishangae akizuiwa. Mjomba wake aliwahi kuona kunguru mia wakigeuka mahali pamoja, hapana upepo, hapana kitu. Gugo akasema basi huenda ilikuwa swichi na jini kwa pamoja, kwamba Wamarekani siku hizi wanafanya kazi na kila mtu.

Walicheka. Sajini aliinamia kikombe chake.

Alikuwa akiona meza ya karakana. Kila kifaa kikubwa cha ndege kilikuwa na kadi yake, imeandikwa kimefanya kazi saa ngapi na kimebakiza ngapi kabla ya kutolewa. Kadi ilifungwa kwa kamba kwenye kifaa chenyewe, na kifaa kikihama ndege, kadi huhama nacho. Sheria ilikuwa moja tu, na ilikuwa rahisi: usifungue kamba. Siku ile, mkesha wa mazoezi, juu ya meza yake palikuwa na pampu mbili za mafuta. Moja ilikuwa imechoka, ya kupelekwa kukarabatiwa. Nyingine ilikuwa nzuri, imetoka kwa mbuzi, ya kufungwa kwenye enjini ya kushoto ya ndege ya Wainaina. Alikuwa akizisafisha, kamba zikawa zinaingia kwenye mafuta, kadi zinachafuka, naye alikuwa mtu wa usafi. Akazifungua zote mbili akazitia mfuko wa kifuani. Mafundi wote walifanya hivyo. Ndivyo alivyojiambia miaka thelathini, na ilikuwa kweli, na haikumsaidia hata usiku mmoja.

Alipomaliza alizifunga tena, kila moja kwa pampu yake, au ndivyo alivyodhani. Asubuhi pampu yenye kadi ya ile nzuri ikaingia kwenye ndege.

— Nyinyi mnazungushwa, akasema Landi, ambaye alikuwa amengoja zamu yake. — Mimi najua. Nilikuwa na mpangaji alikuwa anapika mesi ya jeshi. Huyo rubani alikuwa amelewa. Hao vijana walikuwa wanakunywa mpaka alfajiri halafu wanavaa kofia. Na hata uchunguzi ulisema, si ulisema? Kosa la rubani. Chombo cha kuzama hakina usukani.

Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, Landi alikuwa ameweka methali mahali ambapo iliingia barabara. Wote waliitikia kwa vichwa.

Mwanamke aliweka kikombe chini.

— Hakuwa anakunywa, akasema. — Alikuwa wa kanisa la Akorino, wale hawagusi pombe, mpaka alipoingia jeshi, na hata huko hakuonja.

— Wewe utajuaje, mami? Landi akauliza, bila ubaya.

— Alikuwa baba yangu.

Gugo aliizima simu yake. Landi akaanza kufuta ile kahawa iliyokauka zamani kwenye suruali. Alisema pole, akasema tena pole, na ukweli ni kwamba alikuwa na aibu, maana Landi ni mjinga lakini si mbaya.

Hakuja kugombana nao, mwanamke akasema. Jina lake ni Nyawira. Alikuwa na miaka miwili baba yake alipokufa, na hamkumbuki. Ameulizia kwa wanajeshi wastaafu, mmoja akamwelekeza kwa mwingine, hadi akaambiwa kwamba fundi wa ndege ile anaitwa Mzee Waithaka, yuko Woodley, na saa nne hunywa kahawa karibu na Toi.

Watu wawili wakageuka kumtazama Sajini. Taib alikuwa wa tatu, alichelewa kidogo kwa sababu alikuwa akitafuta katika kichwa chake Waithaka ni nani.

— Ndiye mimi, akasema Sajini.

Nyawira akasimama, akampa mkono wa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Kiganja chake kilikuwa baridi. Sajini alitamani asingemwinamia hivyo.

— Mzee, sitakuchosha, akasema akikaa tena. — Nimejifungua. Mtoto wa pili, mvulana. Ana wiki sita. Wa kwanza tulimpa jina la baba ya mume wangu, vile inatakikana. Huyu wa pili ni wa upande wetu. Anafaa kuitwa Wainaina.

— Ndiyo desturi, akasema Landi kwa sauti ndogo.

— Mama amekataa. Wiki sita mtoto anaitwa tu Kaboi, ati kijana. Mama anasema jina la mtu aliyejiua kwa uzembe halirudishwi nyumbani, linakuja na kile kilichomuua. Barua ya jeshi anayo mpaka leo, iko na hayo maneno, kosa la rubani. Ndugu za baba walimsomea kwa kaburi. Mume wangu anasema tuchague jina lingine, tuachane na hii maneno. Jumapili watu wa kanisa wanakuja kumwombea mtoto, na lazima awe na jina.

Alivuta pumzi.

— Wewe ndiye ulikuwa na yeye asubuhi hiyo. Nataka kuuliza tu kitu moja, halafu niende. Nimwite Wainaina, ama nisimwite?

Wenyeji wa benchi lile hawajawahi kushindwa na swali. Wamejibu ya uchumi, ya Gaza, ya nani aliumba nyoka na kwa nini. Gugo alitazama viatu vyake. Taib aliliinua dele, akalitikisa, likatoa sauti ya masimbi matupu, mashapo ya kahawa, akalirudisha juu ya makaa ingawa hapakuwa na cha kupasha.

Sajini aliona wazi kwamba palikuwa na njia mbili na kwamba hii moja ilikuwa nyepesi. Angeweza kusema: mwite, mwanangu, baba yako alikuwa mtu mwema. Kila mtu angeitikia amina. Msichana angekwenda na neno la mzee mkononi, mama yake angeuliza mzee huyo alijuaje, na neno lingeishia hapo, mlangoni.

— Mwite, akasema.

— Kwa sababu?

— Kwa sababu hakukosea.

— Barua inasema alikosea.

— Barua iliandikwa na watu ambao hawakujua.

— Na wewe ulijuaje?

Aliuliza kwa upole kabisa, hakuwa anamshtaki. Na hicho ndicho kilichomvunja Sajini. Angeshikwa shati angejitetea. Alikuwa amejitayarisha kushikwa shati tangu siku ile.

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akarudi nyuma, ikabidi Gugo amsaidie neno mara mbili. Pampu mbili, kadi mbili, mfuko mmoja. Akasema rubani alipopanda ngazi ni yeye Sajini aliyemfunga mikanda, kwa mikono hii, na kwamba Kapteni alimwuliza, Koplo, iko sawa? naye akamjibu, iko sawa, afande. Enjini ya kushoto ilizima magurudumu yakiwa ndiyo kwanza yameingia tumboni. Ndege imejaa mafuta, hewa ya kule kambini kwetu, nyanda za juu, ni nyembamba, ile moja iliyobaki haikuweza kuinyanyua. Hakukuwa na muda wa kukosea.

— Wiki mbili baadaye nilikuwa nafunga kreti ya vifaa vya kukarabatiwa, akasema. — Ile pampu ya zamani ilikuwa na vumbi, nikaipangusa nisome namba. Haikuwa ya zamani. Ilikuwa ile nzuri. Kadi ya iliyokufa ilikuwa imening'inia juu yake, fundo langu mwenyewe. Uchunguzi ulikuwa bado haujafungwa, na mazishi yalikuwa yanaungoja. Ofisi ilikuwa hatua hamsini.

— Ukafanya nini? akauliza Nyawira.

— Nikapiga misumari kreti. Nilikuwa na watoto watatu. Nikasema nitaenda kesho.

Landi, aliyekuwa ameketi bega kwa bega na Sajini kwa miaka tisa, alisogea, si sana, upana wa kiganja, na pengine hata yeye hakujua kwamba amesogea. Sajini alijua. Aliiona ile nafasi juu ya ubao na akafikiri kwamba hata ingelikuwa pana kuliko hivyo ingekuwa haki.

Nyawira hakulia. Uso wake ulikuwa umekaza, na ule mstari wa paji ulikuwa umeingia ndani. Akaweka mkono ndani ya koti, na Sajini, Mungu amsamehe, alifikiri kwamba anatafuta kitambaa.

Alikuwa anatafuta simu. Akabonyeza, akaiweka sikioni, akazungumza Kikuyu kwa ufupi. Akauliza kama mtoto amelala. Akasema, keti kwanza. Akasema, yuko hapa mbele yangu. Kisha akabonyeza tena, akaiweka simu juu ya ubao, kwenye ile nafasi kati ya Landi na mzee, sauti ikiwa wazi.

— Mimi siwezi kumwambia mama, akasema. — Nikimwambia mimi atasema nimetunga ili nipate jina. Mwambie wewe.

Simu ilikuwa ikikoroma kidogo. Kwa mbali, huko ndani yake, jogoo aliwika, na mlango ukafungwa. Sajini aliiinamia. Alitafuta aanze na neno gani, na hakuliona, kwa kuwa alikuwa amezoea kumwona mama huyo mawazoni akiwa amevaa nguo nyeusi upande wa pili wa kaburi, mtoto mgongoni, akisomewa barua, na yeye Sajini amesimama mstari wa tatu, kofia kifuani, anasikiliza.

— Mama Nyawira, akasema. — Mimi ni Waithaka. Nilikuwa fundi wa ndege ya mzee wako.

— Nakujua, ikasema sauti ya mwanamke mzee, kavu, bila haraka. — Ulibeba jeneza. Sema.